Imamu alipokataa kumega tonge, akamtaja mume wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wa kuniamkia mniamkie, mimi ni bibi sasa. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Enzi za vijiji vya ujamaa tulihamishiwa upande wa Magoma, Korogwe. Baba yangu mzazi ndiye aliyekuwa imamu wetu. Mume wangu, Athumani, alitunza ghala la kijiji.

Mwaka ule njaa ilitubana kweli. Yakaletwa mahindi ya msaada ya kula, na mengine ya mbegu, yamepakwa dawa nyekundu ya wadudu.

Siku ya kulima shamba la kijiji tulikuwa tunakula pamoja. Wanawake tukapewa unga wa ghalani, tukasonga ugali.

Nikamuuliza mwenzangu, mbona unga una wekundu? Akasema njaa haichagui rangi. Tukacheka.

Masinia yakatengwa. Kwetu hagusi mtu chakula mpaka imamu aseme bismillahi na kumega tonge la kwanza. Watu wamenawa, macho yote kwa baba.

Baba hakumega.

Akasimama. "Asile mtu! Haya ni mahindi ya mbegu, yameoshwa tu. Ya kula Athumani kayauza Mombo. Kaniambia mwenyewe asubuhi, anataka nimwombee dua. Nikamwambia kawaambie watu kabla ya chakula. Nimemngoja mpaka sasa, kanyamaza."

Jamani! Mwiko ninao mkononi, nikakaa chini.

Athumani akapiga kelele, "Baba, nilikuja kwako kutubu! Siri yangu unaimwaga mbele ya watu?"

"Toba yako nimeisikia," baba akasema. "Ila hawa watakufa huku mimi natunza siri."

Wapo walionung'unika kwamba mzee anamwonea mkwewe. Ugali ukamwagwa kando ya shamba. Kuku walioparua pale hawakuiona magharibi, na manung'uniko yakaishia hapo.

Mimi kilichonimaliza ni kingine. Asubuhi ile Athumani alikataza kabisa wanangu wasije shambani, eti jua kali. Wakuu, wa kwake aliwaficha, wa wenzake akawaacha wakae kwenye sinia!

Mgambo walimchukua, akafungwa. Alipotoka hakurudi kijijini.

Baba nilimnunia muda mrefu. Siku moja nikamuuliza, "Baba, hukuweza hata kuniita pembeni? Si mume wa mwanao yule?"

Akasema, "Mwanangu, ningenyamaza, mpishi wa ugali ule ningekuwa mimi."

Nikainuka, nikaenda kuchota maji.

Siku hizi nasikia viongozi wa dini wanayajua maovu, wanasema tumwachie Mungu. Mungu huyo huyo si ndiye aliyewapa midomo?

Haya, nanyi semeni ukweli. Sinia liko mbele yako, watu wanakutazama, na mwizi ni mkweo. Ungemega?