Siku Bibi Skolastika Alipomuua Nguruwe

Kitabu chenyewe kilinuka mkojo wa panya na karatasi iliyowahi kulowa. Nilikiazima kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, nikakisoma wiki tatu, maana nasoma polepole. Ni kitabu chembamba cha zamani, habari za mzee aliyekataa kuacha kazi yake hata mwili ulipomkataa. Mwalimu aliniambia kinafundisha uvumilivu. Labda. Mimi kila ukurasa ulininukia damu mbichi kwenye mpunga, nikamkumbuka Bibi Skolastika.

Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na Bibi tulikuwa tumehamia shambani bondeni kulinda mpunga uliokaribia kuiva, tukiishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameshamwonya: "Mama, mwaka huu ukiumia, hata kama ni mwiba, nakuhamishia kwangu Lipangalala. Shamba atalima mwingine."

Bibi akacheka. "Mwiba nitaung'oa kabla hujafika."

Asubuhi moja, ukungu bado haujaondoka, nguruwe pori dume aliingia mpungani. Nilipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Hakujali, alitafuna kama mwenye shamba. Bibi akashuka na shoka, anamtukana kwa Kipogoro, matusi ambayo mpaka leo sijathubutu kumuuliza mtu maana yake.

Nguruwe alimvamia. Nilisikia kanga ikichanika, kisha nikaona paja la Bibi limefunguka, jeupe kwanza, halafu jekundu. Hakuanguka. Alimpiga shoka la shingo. Mnyama akalia kama mtoto, akazunguka akiulaza mpunga, akarudi tena. Bibi akampiga usoni, jicho likatoka. Hata alipolala chini, Bibi aliendelea kupiga.

"Bibi, amekufa! Bibi, ameshakufa!"

Aliendelea. Aliacha pale tu shoka liliponasa kwenye mfupa, naye hana nguvu ya kulichomoa.

Alifunga paja kwa kipande cha kanga, akaniambia huku anahema: "Baba yako mdogo akija, mimi sijaumia. Nguruwe kauawa na mbwa wa jirani. Umesikia?"

Baba mdogo alifika mchana kwa pikipiki. Akautazama mzoga, akasikiliza Bibi akimpa habari ya mbwa wa jirani, akamtazama alivyokaa na blanketi miguuni kwenye jua lile. "Kumbe Mama siku hizi unalindiwa shamba na mbwa! Wewe unakaa tu, unaota jua!"

Bibi akalivuta blanketi lifunike vizuri. Mimi, niliyeona haya hata kuomba maji kwa watu, nikafoka: "Ni Bibi! Kamuua mwenyewe kwa shoka, na paja limechanika mpaka nyama inaonekana!" Nikaeleza yote, na jicho, na mfupa, nikirusha mikono. Nilipomaliza, Baba mdogo alikuwa hacheki tena. Alifunua blanketi, akachuchumaa, akashika kichwa.

"Panda pikipiki, Mama."

Yule mzee wa kitabuni, watu walipojua alivyoumia, walimheshimu. Bibi yangu alihitaji wasijue.

Paja lilipona. Shamba hakuliona tena. Alikaa barazani Lipangalala miaka minne mpaka alipofariki, na hakunigombeza hata siku moja. Mgeni akimuuliza kwa nini ameacha kulima, alininyooshea kidole. "Muulize huyu. Anajua kusimulia."

Nami nilisimulia, kila mara, nikionyesha shoka lilivyoingia. Nilidhani ananisifu.