Niliamkia Koti la Baba Mkwe

Nilitoa shikamoo mara mbili, ya pili nikiinama kabisa. Sikuitikiwa.

Lilikuwa koti.

Msicheke kwanza, ngojeni niwasimulie. Siku hiyo nilikwenda kujitambulisha nyumbani kwao mchumba wangu. Mimi ni fundi cherehani, na miwani yangu ni minene kama kitako cha chupa.

Mchumba aliniambia wazi, "Vaa miwani yako."

Mimi na ujuaji wangu nikaitia mfukoni. Nilitaka kuonekana mtanashati.

Sasa bila miwani mimi naona rangi tu. Nikaingia sebuleni, nikaona kitu kirefu cheusi kimesimama karibu na mlango. Nikajua ndiye mzee.

"Shikamoo baba."

Kimya.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," sauti ikatoka nyuma yangu. "Ukimaliza na koti langu, na mimi nipo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikageuka, nikavaa miwani haraka, nikampa mkono. Mkono ukabaki hewani. Mzee ananikazia macho usoni tu. Nikaurudisha taratibu, nikajifanya najikuna.

"Mimi fundi saa," akasema. "Miaka thelathini nafungua skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari. Sitaki kipofu ndani ya nyumba hii! Binti yangu simtoi mpaka daktari wa macho aniambie huyu anaona."

Mchumba wangu akaangua kilio.

Kesho yake, kliniki. Mzee alikuja mwenyewe kunisimamia, eti nisihonge. Mama mkwe naye akaja kumsimamia mzee.

Kwenye korido mzee akajigonga goti kwenye benchi.

"Nani kaweka benchi hapa?"

"Nyumbani ndoo, huku benchi," mama mkwe akasema. "Wewe kila kitu kinakufuata."

Daktari akanipima bila miwani. Nikasoma herufi moja, tena kwa kubahatisha.

Mzee akapiga makofi. "Si niliwaambia? Kipofu!"

"Bado mzee," daktari akamjibu. "Kisheria hatuhesabu macho matupu. Tunapima jicho lenye nafuu, likiwa na miwani. Kama hata hapo anasogea mpaka mita sita kuona kile ambacho wengine wanakiona kutoka mita sitini, huyo ndiye kipofu kisheria, hata kama anaona mwanga."

Nikavaa miwani. Nikashuka na herufi mpaka mstari wa chini kabisa.

"Huyu anaona," daktari akasema.

Mzee akanyanyuka kwa hasira, akamvaa muuguzi mlangoni. Trei chini, vichupa huku na huku!

Daktari akamtazama. "Mzee, hebu keti na wewe."

"Mimi?"

Akasoma herufi zote, mpaka maandishi madogo ya waliochapa ile karatasi. Akanitazama kwa dharau.

"Safi. Sasa tazama pua yangu. Sema ukiona vidole vyangu vikicheza pembeni."

"Haya, anza basi."

Wee! Vidole vilikuwa vinacheza kitambo.

Wakampima na kwenye mashine. Daktari akaketi karibu naye.

"Katikati unaona vizuri mno. Pembeni hakuna kitu, ni kama unachungulia tundu la ufunguo. Upana ukiwa chini ya digrii ishirini, nao ni upofu kisheria. Kipofu hapa ni wewe, baba."

Mama mkwe akadakia.

"Nyani haoni kundule! Si hutaki kipofu ndani ya nyumba? Haya, godoro nikutandikie wapi?"

Tulicheka mpaka daktari. Mzee hakucheka.

"Na saa zangu?" akauliza polepole.

"Utaendelea nazo. Barabara ndiyo usivuke peke yako. Na tutakuwa tunakupima, tulinde kilichobaki."

Machozi yakamlengalenga. Roho iliniuma kweli. Nikampa mkono, ukabaki hewani tena.

Hapo ndipo nikaelewa. Nikauinua mpaka usawa wa pua yake.

Akaushika. "Kumbe hata siku ile ulinipa mkono?"

"Nilikupa, baba."

"Mimi nikasema kijana gani huyu, hana adabu hata ya kutoa mkono!" Akaning'ang'ania. "Nishike vizuri mwanangu, twende nyumbani."

Ndugu zangu, kabla hujasema mtu anaringa au hana adabu, kapime macho kwanza. Halafu mpeleke na yeye.

Siku ya harusi mzee alinizawadia lile koti. Eti mimi na koti tayari tunafahamiana.