Baba Alinituma Kung'oa Mlango wa Mpangaji, Sasa Anataka Nikamdanganye Chifu

Admin, jina langu lifiche kabisa na mtaa usiutaje. Isiolo ni ndogo na baba yangu anajulikana. Wale majirani mkijua ni ploti gani, tafadhali nyamazeni tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja, na baba wa mtoto alishaenda zake. Nakaa kwa ploti ya baba yangu, vyumba nane alivyojenga baada ya kuuza ng'ombe. Silipi kodi, lakini msidhani nakula bure. Mimi ndiye ninakusanya kodi, ndiye ninaosha choo, ndiye ninatukanwa maji yakipotea. Kazi yote chafu ya baba inafanywa na hii mikono yangu.

Sasa sikieni. Chumba namba mbili anakaa binamu yangu, mtoto wa ndugu ya baba. Miezi kumi na moja hajatoa hata shilingi, haki ya Mungu sijaongeza chumvi. Ana pikipiki anayoiosha na maji ya tanki yetu kila Jumapili. Nikimkumbusha kodi anacheka: "Dada, ongea na mzee." Nikiongea na mzee, naambiwa, "Huyo ni damu yangu. Unataka watu waseme nimemfukuza mtoto wa ndugu yangu?"

Namba tano kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Mama Halima. Ni fundi wa nguo. Bwana yake anachunga ngamia huko Biliqo na hutuma pesa akiuza mnyama. Miaka mitatu huyu mama hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mtoto wangu akiugua, uji ulikuwa unatoka kwake. Mwezi uliopita soko la mifugo likafungwa kwa sababu ya ugonjwa, akaniomba, "Dada, nivumilieni wiki tatu tu." Nikapeleka ujumbe kwa baba. Wiki mbili zilipoisha akaniita. "Chukua bisibisi ukang'oe ule mlango."

Nilidhani anatania. Nikamuuliza, "Baba, na namba mbili je?" Akanikodolea macho. "Namba mbili ni wetu. Huyu mama ni wetu? Na kwani namfukuza? Mlango ni wangu, nachukua mlango wangu tu. Kama wewe huwezi, nitatafuta mwenye ataweza na nimpe chumba chako."

Nilienda. Ndiyo, nitukaneni, nilienda. Mama Halima alikuwa kwa cherehani anashona sare za shule. Hakupiga kelele. Aliponiona sifikii bawaba ya juu, alinisogezea stuli yake. Jamani! Afadhali angenipiga kofi.

Akatundika leso yake ya kujifunga pale mlangoni. Siku mbili hakutoka, alikuwa analinda cherehani yake, hata maji nilimchotea mimi. Siku ya tatu, mchana, bwana yake akatuma pesa. Baba hapokei pesa kwa simu, anataka noti za kushika, kwa hivyo ilibidi mama wa watu atoke aende kwa ajenti kuzitoa. Mimi nilikuwa nimeenda kuchukua mtoto shule. Hata saa moja haikuisha. Aliporudi na kodi yote mkononi, cherehani hakuna. Sare za wateja pia zimebebwa zote. Aliketi chini kwa sakafu akasema tu, "Sasa nitawaambia nini wazazi wa hawa watoto?"

Na mnajua baba alifanya nini? Alipokea kodi! Akahesabu noti mbele ya huyo mama, akatia mfukoni, akaniambia nirudishe mlango. Pole hakuna, aibu hakuna, macho makavu kabisa. Hasira ilinipanda.

Nyinyi wenye nyumba mnaosoma hapa, mpangaji akichelewa si ana mdomo? Si mnakaa chini mkaongea, mkaandikiana siku ya kulipa? Akishindwa, mpe notisi atoke na vitu vyake kwa heshima. Lakini kumwacha mtu ndani bila mlango ni kumwita mwizi uende ukalale! Na kama sheria yako haimgusi mtoto wa ndugu yako, basi hiyo si sheria, ni dharau.

Mama Halima amehama, yuko kwa dada yake, na amemshtaki baba kwa chifu. Tumeitwa Alhamisi. Jana baba aliniketisha, sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia. "Mama, wewe utasema mlango ulikuwa umelegea, tukautoa tuutengeneze. Ukisema kitu kingine, beba mtoto wako muondoke kwa ploti yangu." Binamu alikuwa hapo anakunywa chai, anatingisha kichwa eti kweli. Yeye naye ni shahidi! Kodi hana, lakini ushahidi anao.

Mama yangu alishafariki. Kazi nyingine sina, na mahali pa kwenda na huyu mtoto sina.

Leo asubuhi nimekutana na Mama Halima njiani. Nilitaka kupita nimeinamisha kichwa. Akanishika mkono, akanisalimia vile vile kama zamani, akasema, "Dada, Alhamisi usiogope. Wewe sijakushtaki, nimeshtaki mzee. Wewe nimemwambia chifu ni shahidi wangu. Nimemwambia, huyo msichana hawezi kusema uongo juu yangu."

Alhamisi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini, chifu akiniuliza nani aling'oa ule mlango na kwa nini, nijibu nini?