Utepe wa Aling Ursing

Aling Ursing aliwahi kumkosoa padri katikati ya mahubiri, tena kuhusu nywele. Ndiye msusi wetu, na mji wetu huu kando ya ziwa una wachoraji wengi kuliko mafundi bomba, ndiyo maana mabomba yetu yanavuja kisanaa. Siku wachoraji walipofungua karakana zao kwa wageni, wazee wa mtaa walimkabidhi Ursing utepe mwekundu aivishe kazi bora. Hawakutafuta haki, walitafuta kicheko. Walijua kuwa Jumapili iliyofuata mchoraji Mang Doroteo angekuja kumposea mwanawe binti wa Ursing, Marilag.

"Mama, usipompa utepe posa imekufa," Marilag alimsihi. "Leo tu, umeze huo ulimi."

"Nitaumeza. Ukinipalia, shauri yako."

Alianza vizuri. Kwetu mgeni hatazami picha kabla hajala, basi kila karakana Ursing alijaza mdomo tambi. Mbele ya farasi wa buluu akatafuna. Mbele ya turubai tupu iitwayo "Upweke" akaongeza sahani.

Kwa Doroteo, tambi zilimponyoka. Ukutani alisimama Bikira Maria, mrefu kama mlango, mwenye sura ya Ursing, kasoro kidevu cha pili.

"Nimechora nilichokiona, Aling Ursing," alisema Doroteo, akitabasamu kama paka aliyekalia samaki.

Kabla jaji hajajibu, aliingia ajuza Lola Iska, mwenye goti bovu. Kuiona tu picha, akapiga magoti na kuanza rozari. Sisi nasi, kwa mazoea, tukaitikia. Mmoja akawasha mshumaa. Mwingine akasugua tiketi ya bahati nasibu kwenye kidole cha mguu cha Bikira.

"Lola, inuka! Huyo ni mimi! Jana si nimekupaka dawa ya nywele?"

"Nyamaza, mwanangu, tunasali."

Ursing akavuta pumzi. Marilag akafumba macho.

"Doroteo, nywele umezipatia. Kwa kidevu, Mungu akubariki. Lakini huyu kafunga mdomo! Mimi nilizaliwa naongea, mkunga akaniomba zamu. Picha hii ni uongo. Utepe hupati."

"Basi na posa hakuna!" Doroteo alifoka. "Jumapili nalala!"

Ursing hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mezani, alikokuwa Saling, mke wa Doroteo, akipakua mkia wa ng'ombe wenye mchuzi mzito wa karanga, jasho likimtiririka. Akambandika utepe kwenye aproni.

"Kazi bora hii hapa."

"Hiyo si sanaa!" wazee walipiga kelele.

"Ee? Na mbona 'Upweke' hakuna aliyeurudia, na mchuzi huu mko sahani ya pili?"

Wazee wakaficha sahani zao nyuma ya migongo. Saling aliugusa utepe. Katika nyumba ile, sifa zote zilikuwa zikipita juu ya kichwa chake kwenda ukutani. Akamgeukia mumewe.

"Jumapili unavaa shati jeupe."

"Si nimesema—"

"Wewe umesema. Mimi nimeshinda."

Jumapili wakaja. Doroteo alitangulia, kanuna, kabeba chungu. Saling alifuata na utepe wake kifuani, kana kwamba ndiye anayeposwa. Aling Ursing akawafungulia mlango na, kwa heshima ya watoto, hakusema neno kuhusu lile shati mpaka walipoketi.