Mjomba Kioo na Vumbi la Milango

Kila jioni, kabla hajakanyaga kizingiti cha mlango wa nyuma, mjomba wangu husimama kwenye bomba la uani na kuvua viatu. Havigonganishi kuvikung'uta. Anavimwagia maji, anaviegemeza ukutani. Kisha anavua ovaroli taratibu, akiikunja ili upande uliokuwa nje uwe ndani, na kuitia kwenye ndoo yenye kifuniko. Anabaki na kaptura na fulana, hata kukiwa na baridi. Hapo ndipo anapoanza kunawa: viganja, kucha kwa brashi ndogo, mikono mpaka viwiko, uso, shingo, nyuma ya masikio.

Nyuma ya mlango husimama mtoto wa dada yangu, ameshika taulo kwa mikono miwili.

"Babu, tayari?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado masikio, bwana! Unataka nikupe nusu babu?"

Mtoto huyo tunamwita Sisimizi, kwa sababu alipoanza kutambaa hapakuwa na ufa wala kona asiyoingia. Mjomba, mtaa mzima unamwita Kioo. Ni fundi rangi, na zamani alikuwa akimaliza kupaka mlango, unajiona ndani yake. Mshonaji wa nyumba inayotukabili huapa kwamba aliwahi kunyoa ndevu mbele ya mlango wetu na hakujikata hata kidogo.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, ya zamani, yenye ngazi za mbao zinazomlilia kila mtu kwa sauti yake, hata ukiwa chumbani unajua ni nani anayepanda. Mjomba aliirithi kwa babu yetu, na babu naye aliikuta imekwisha zeeka. Rangi ilipobanduka kidogo, ungeona kijani, chini ya kijani maziwa, chini ya maziwa buluu, na mwisho kabisa, kwenye nondo za madirisha, rangi ya machungwa iliyopakwa na mafundi wa kale kuzuia kutu. Kila mwaka Mjomba aliikwangua milango na madirisha kwa msasa, akaipuliza kwa mdomo, akaipitishia mgongo wa kiganja kusikia kama imelainika, kisha akapaka upya. Mimi nilikuwa nikikaa ngazini na kitabu changu, naye akipuliza, vumbi likitua juu ya kurasa. Nililifuta kwa kidole na kuendelea kusoma. Kwetu vumbi la kazi lilikuwa safi.

Dada yangu alipopata kazi kwenye kiwanda cha mikate alihamia kwetu na mtoto wake. Sisimizi alipenda dirisha la ngazini kuliko mahali popote. Lilikuwa na kizingiti kipana kinachomtosha kukaa, na nondo za kushika. Alisimama pale kutazama mtaa na kuzing'ata nondo.

"Mwache," tulisema. "Anaota meno."

Meno yaliota, yakaisha kuota, naye akaendelea kung'ata. Halafu akaanza kupungua. Tumbo lilimuuma akajikunja kama mtu mzima. Alilia kwa mambo madogo. Lililotutisha ni maneno. Alikuwa ameshaanza kusema "maji", "gari", "Babu", na kila mmoja wetu alikuwa amedai kwamba neno la kwanza lilikuwa lake. Maneno yale yakaanza kumpotea moja moja, mpaka akarudi kunyoosha kidole tu na kuguna.

Zahanati ya jirani walimpa dawa ya minyoo, wakampa tena. Mwishowe dada akampeleka hospitali kubwa, na daktari, badala ya kuuliza alichokula, akauliza anapokaa.

"Nyumba ya zamani? Rangi inabanduka?"

"Haibanduki," dada akajibu, na nadhani alijibu kwa fahari. "Mjomba wetu ni fundi rangi."

Daktari akaagiza damu ipimwe. Majibu yalirudi yakisema damu ya Sisimizi ina madini ya risasi, mengi kupita kiasi. Daktari alieleza kwamba rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini hayo ili zing'ae na zidumu. Kwamba mtoto akimeza vipande vyake au vumbi lake, yanamwingia mwilini, na kinachoumia zaidi ni ubongo unaokua. Hakuwa bado wa kulazwa, alisema. Dawa ya kwanza ilikuwa kumtenga na hiyo rangi, kumlisha vizuri, na kumpima tena.

Jioni hiyo dada alisimulia haya sebuleni. Mjomba alisikiliza huku akiitazama mikono yake.

"Basi rangi itatoka," alisema. "Yote."

Hili ni kosa ambalo asiyejua kazi asingeweza kulifanya. Mtu mwingine angepaka rangi mpya juu, au angeahirisha. Mjomba alikuwa fundi, na alikuwa anampenda mtoto. Kesho yake hakwenda kazini. Alichukua msasa mkali na kikwangulio, akafunga madirisha ili vumbi lisiwaudhi majirani, akaanza. Alikwangua nondo, fremu, milango, mkono wa ngazi, mpaka mbao zikaonekana nyeupe kama zilizotoka msumenoni. Nyumba nzima ilijaa ukungu mkavu. Tulikohoa, tukacheka, tukapeana pole. Alipomaliza tulifagia kwa ufagio, vyumba vyote, na dada akalia kwa furaha. Sisimizi alicheza kwenye sakafu iliyofagiwa, na Mjomba, bado amevaa ovaroli yake, akamnyanyua, akamzungusha hewani.

Kipimo cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

Dada alirudi kutoka hospitali hana rangi usoni. Hakugombana. Alianza kukunja nguo za mtoto. Mjomba alisimama mlangoni mwa chumba chao, hajui aingie au atoke.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa wakwe zangu. Nyumba yao mpya."

"Nimekosea nini? Niambie nilipokosea."

"Sijui, Mjomba. Sijui mimi." Akafunga mkoba. "Ila usimshike. Nakuomba. Kila akitoka mikononi mwako anazidi kuumwa."

Sijawahi kusikia nyumba yetu ikinyamaza namna ile. Hata ngazi zilionekana zinalia kwa kunong'ona.

Hospitali ndiyo iliyomtuma bibi afya. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na begi zito kuliko yeye. Hakukaa tulipomkaribisha. Alipitisha kitambaa chenye maji juu ya kabati, kikatoka cheusi. Akapitisha chini ya kitanda, kwenye mikunjo ya pazia, kwenye kona za ngazi. Kila kitambaa alikifunga kwenye mfuko wake kupeleka maabara.

"Nani alikwangua hapa?"

"Mimi," Mjomba akasema.

"Kwa maji?"

"Kwa msasa. Msasa na maji wapi na wapi?"

Bibi afya akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, nadhani ili asimtazame mzee usoni wakati wa kusema.

"Mzee wangu, nia yako ilikuwa njema. Lakini kazi umeifanya kavu. Rangi ikiwa ukutani inadhuru pale inapobanduka. Ukiisaga ikawa unga, iko kila mahali. Iko kwenye pazia, kwenye godoro." Akaielekezea ovaroli miwani yake. "Na kwenye nguo zako."

Mjomba akaitazama ovaroli yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole. "Kumbe walikuwa wanasema kweli tupu."

Akakaa kwenye ngazi, ikalia kwa sauti yake. Nilidhani atasema amechoka, au atambishia yule mama, maana amekwangua milango tangu kabla mama huyo hajazaliwa. Aliuliza tu, "Nifanyeje? Nionyeshe kama unavyomwonyesha mwanafunzi."

Akamwonyesha. Madirisha na milango ya vyumba vizibwe kwa nailoni, sakafu ifunikwe. Maji yanyunyizwe kwanza, ndipo ukwangue, na uendelee kunyunyiza, ili rangi itoke kama tope isiwe unga. Usipulize, usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, umwage maji, uchukue mengine, ufute tena. Taka zifungwe na kupelekwa anakoelekeza yeye, zisichomwe moto. Barakoa puani. Na nguo za kazi zisivuke kizingiti.

Mjomba alikuwa mwanafunzi mgumu. Mkono wake ulikuwa umezoea kupuliza. Akikwangua kidogo tu, mashavu yanamvimba.

"Mzee!" bibi afya alifoka.

"Sijapuliza."

"Ulikuwa unakwenda kupuliza."

"Mama wewe, hata pumzi yangu unaihesabia makosa?" Lakini alicheka, nasi tukacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu dada aondoke.

Tuliifuta nyumba ile mpaka mikono ikachubuka. Mimi nilipewa vitabu. Nilivifuta kimoja kimoja, jalada na kingo, na kila kitambaa kilipotoka na doa nilikumbuka zile kurasa za ngazini. Pazia kuukuu tulilitupa. Nondo za dirisha la ngazini Mjomba alizikwangua mwenyewe kwa maji, hakutaka msaada, kisha akazipaka rangi mpya ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina madini hayo. Kuipata ilikuwa kazi nyingine. Alizunguka maduka akiuliza, "Rangi hii ina risasi?" na muuzaji mmoja akamjibu, "Babu, hapa tunauza rangi, bunduki uliza polisi."

Mtaani walimtania pia. Mshonaji alimwona akinyunyizia mlango maji kwa chupa kama anamwagilia maua.

"Kioo! Mlango umeota mizizi?"

"Bado. Ukichipua nitakuletea tawi."

"Mganga hajigangi, ndugu yangu. Umetupakia mtaa mzima, leo ndiyo unatuambia rangi inaua?"

Mjomba akaiweka chupa chini.

"Ndiyo," akasema. "Nimewapakia, na kila mwaka nimekuja kuwakwangulia pakavu, watoto wenu wakinizunguka. Nilikuwa sijui. Sasa najua, ndiyo maana nakuambia. Wajukuu zako wanacheza wapi?"

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake. Ila haikupita wiki akavuka barabara na kugonga mlango wetu, kofia mkononi, na kuuliza kwa sauti ya chini ni wapi watoto wanapimwa damu.

Ndivyo ilivyoanza. Mjomba alikwenda kwenye kila nyumba aliyowahi kuipaka. Hakusubiri aitwe. Wengine walimfungia mlango, wengine walisema amekosa kazi sasa anatafuta ya kulazimisha. Alirudi kesho yake. Bibi afya akawa anafuatana naye siku alizoweza, na baadaye akawakusanya mafundi rangi wengine uani kwetu, Mjomba akiwaonyesha namna ya kukwangua kwa maji. Fundi aliyejisahau akapuliza, wote walimpigia kelele. Ile milango ya kung'aa, iliyompa jina, aliivua rangi mmoja baada ya mwingine. Siku hizi anapaka rangi isiyong'aa sana. Jina limebaki.

Sisimizi alikaa kwa wakwe wa dada kwa miezi mingi. Mjomba alikwenda kumwona kila Ijumaa, amevaa nguo zilizotoka kambani muda huohuo, na alikaa upande wa pili wa chumba, mikono juu ya magoti. Hakumgusa. Alikuwa ameombwa asimguse, na hakuna aliyemwambia ombi limeisha. Dada alipima damu ya mtoto, ikashuka. Akapima tena, ikashuka zaidi. Bibi afya naye akarudi kuifuta nyumba yetu kwa vitambaa vyake, akavipeleka maabara, akaja na majibu akitabasamu.

Siku dada aliporudi alimkuta Mjomba bombani, ametoka kazini, amejaa sabuni mpaka viwikoni. Alimweka mtoto chini nyuma ya mlango, akampa taulo.

"Mpelekee Babu," akasema. "Ila ngoja kwanza amalize."

Sisimizi akasimama. Halafu, baada ya kimya cha siku nyingi, akasema, "Babu."

Mjomba hakugeuka haraka. Aliendelea kunawa, maji yakimtiririka usoni, na hatukuweza kujua kama ni ya bomba peke yake.

Daktari alituambia kwamba madhara mengine ya risasi hayafutiki, na kwamba tumfuatilie darasani. Tunamfuatilia. Hesabu zinamchelewesha kidogo, na mwalimu wake anajua sababu, ana subira naye. Kusoma anasoma. Anakaa nami ngazini na kitabu chake kando ya changu, na kidole chake kikipita chini ya mstari hakiachi alama ya vumbi. Kila nikikitazama namshukuru Mungu, na daktari aliyeuliza anapokaa, na bibi afya na begi lake, na mzee aliyekubali kuwa mwanafunzi uzeeni.

Mimi si mtu wa kuuliza sana. Nimeishi na Mjomba miaka yote hii, nikaona mengi, nikanyamaza. Lakini Jumapili iliyopita alirudi kutoka kwa kinyozi, amevaa shati jeupe, hajagusa brashi wala mlango wowote, na bado akasimama uani, akavua viatu, akaanza kunawa mpaka nyuma ya masikio. Nilikuwa naanika nguo.

"Mjomba," nikamwambia, "leo si umetoka kunyolewa tu? Unanawa nini?"

Akafunga bomba, akaelekeza kidevu mlangoni.

"Ananingoja," akasema.