Chuma cha Mwenzangu

Katika kitivo chetu cha uhandisi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haanzi na mashine. Anaanza na kipande cha chuma na tupa. Unakifunga chuma kwenye jiliwa, ile koleo kubwa ya mezani, na kukisugua kwa mkono mpaka kiwe mchemraba ulionyooka pande zote, wa kipimo kilichoandikwa ubaoni. Kila mara unakitoa, unaweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, penye pembe, unainua vyote viwili kuelekea dirishani. Ukiona mwanga unapenya kati ya guni na chuma, upande huo bado.

Wenzangu waliichukia kazi hiyo. Mimi niliipenda kupita kiasi.

Nilikulia mtaa wa Ziwani. Mambo ya umeme na michoro nilijifundisha kwa simu ya mama, nimekaa ngazini ili nisiwasumbue waliolala. Majirani waliniletea pasi mbovu, nami nilizifungua hata baada ya kupona, kwa sababu waya mmoja ndani ulikuwa umekaa upande. Aliyejifunza bila mwalimu ana taabu hii: hakuna aliyewahi kumwambia inatosha. Nilipofika chuoni nikakuta darasa limejaa mpaka wengine wanaandika wamesimama mlangoni, na mhadhiri asingejua kama nipo au sipo. Karakanani tu ndiko mtu aliishika kazi yako mkononi na kuitazama. Nilitaka itazamwe.

Mezani kwetu tulikuwa wasichana wawili. Mwenzangu anatoka Kariobangi, na mama yake anauza mitumba soko la Gikomba. Yeye alisugua huku akipiga hadithi.

"Aki wewe, hiyo chuma itaanza kulia," aliniambia siku moja.

"Bado kidogo."

"Umesema bado kidogo tangu asubuhi. Unasugua ama unaiosha?"

Mkufunzi wa karakana alikuwa na onyo moja tu, na alilirudia akipita katikati ya meza zetu: "Mainjinia, tupa inatoa, hairudishi." Chuma kikipungua chini ya kipimo, kimekufa. Mwenye nacho anarudia kazi yote likizo ndefu, wenzake wakiwa nyumbani.

Siku ya kukabidhi, simu ya mwenzangu ililia kabla foleni haijaanza kusogea. Robota jipya la nguo lilikuwa limefika na mama yake alikuwa peke yake kibandani. Mwenzangu alikuwa tayari amegonga namba yake ya usajili kwenye chuma chake, kama tulivyoagizwa. Akanipa mkononi.

"Nipelekee. Nimeipima, inapita. Si tamu, lakini inapita."

"Sawa."

"Na usisahau, manze. Nikirudia hii kitu likizo, siendi Kakamega, na nyanya yangu amekuwa mgonjwa. Nimemwahidi."

"Siwezi kusahau."

"Najua. Wewe husahau nini?" Akacheka, akavua koti la karakana, akaenda.

Foleni ilikuwa ndefu. Changu kilikuwa mfukoni, kimekamilika. Chake nilikipima kwa kalipa na kweli kilipita. Ningepaswa kukitia mfuko ule mwingine. Badala yake niliweka guni, nikainua dirishani, na upande mmoja ukanionyesha uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele.

Nikajiambia ni mikwaruzo michache tu. Nikarudi mezani, nikakifunga. Uzi ule ukaisha, lakini upande wa pili ukawa hauendi sawa na wa kwanza. Nikaurekebisha huo, wa tatu ukaharibika. Mtu akipunguza miguu ya stuli inayocheza huishia na kibao cha kukalia sakafuni, nami nililijua hilo, na mkono haukusimama. Nilipokishika tena kwa kalipa, pembe zote zilikuwa safi kabisa, na chuma kilikuwa kimekufa.

Mkufunzi alikipima, akapima tena. "Hii imepita chini."

"Imebaki kidonge cha mchuzi, weka kwa supu!" mvulana nyuma yangu akasema, na foleni ikacheka.

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Yake ilikuwa sawa. Nimeisugua mimi."

"Namba iliyogongwa hapa ni ya nani?"

"Yake."

"Basi ni kazi yake. Na yako?"

Nikamtolea. Aliiweka kwenye guni, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akawaita waliokuwa karibu. "Njooni muone. Hivi ndivyo nataka." Wakainama kuitazama. Kile kingine alikuwa amekitupa kwenye debe la vyuma vilivyokataliwa, na nilikisikia kikitua. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aseme maneno yale juu ya kazi yangu. Nilisimama pale uso ukiniwaka, na jambo ninaloliona gumu zaidi kuliandika ni kwamba sehemu yangu moja ilifurahi.

Nilienda Gikomba kwa miguu. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa juu ya rundo, anatenga na kukunja kamera, yaani zile nguo nzuri zinazochaguliwa kwanza. Mama yake alikuwa akipatana bei na mteja. Nikamwambia mwenzangu yote, haraka, bila kuanza na salamu.

Hakupiga kelele. "Nilikuambia inapita."

"Uliniambia."

"Na wewe mwenyewe uliipima?"

"Niliipima. Ilipita."

"Sasa ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Wacha." Aliendelea kukunja blauzi bila kuniangalia. "Uliona aibu kusimama mbele ya mwalimu na kitu kibaya mkononi. Hata kama ni changu."

Nilitamani anitukane, maana tusi ningelipima na kuliona limezidi. Hili halikuzidi. Nikasema nitakuja naye karakanani likizo, kila siku.

"Usije. Ukiwa hapo sitamaliza."

Akavuta blauzi nyingine. Nyanya yake hakumtaja, na mimi sikuthubutu kumtaja. Mama yake alimaliza na mteja, akanigeukia na tabasamu la mtu ambaye hajaambiwa kitu. "Karibu, mwanangu. Ona vile huyu rafiki yako ana mkono safi!"

Ndipo nilipotazama chini. Wakati wote tukizungumza nilikuwa nimeokota fulana alizokwisha kuzikunja, nikazifungua, na kuzikunja upya, mikono ya nguo ikilingana. Palikuwa na rundo zima mbele yangu.

Mwenzangu aliziona pia.

"Weka chini," akasema.

Nikaweka.