Wembe wa Ngurumo

Kinyozi wa mtaa wetu tulimwita Ngurumo, wala hakununa. Akikoroma, jirani aliongeza sauti ya redio. Mkewe hakuogopa ngurumo, aliogopa zikikatika. Kifua kilitulia tuli, naye akahesabu mpaka ishirini, siku nyingine thelathini, ndipo mumewe akashtuka akihema kama aliyeibuka kisimani.

Ngurumo alisema mkewe anatia chumvi. Mpaka Jumanne moja, saa nne asubuhi, wembe ukiwa kooni mwa mteja, akasinzia wima.

Koo lenye wembe halipigi kelele. Mteja alinong'ona: "Fundi. Usitikisike. Fungua macho kwanza."

Damu ilitoka tone moja tu, lakini Ngurumo aliuweka wembe mezani. Mteja alikuwa daktari wa meno. Huku nusu ya kidevu ina povu, alimhoji kuhusu usingizi wake, akamtuma hospitali kupimwa akiwa amelala. Pumzi ilikatika mara ishirini na mbili kwa saa. Mkewe alisema hesabu hiyo angewapa bure. Hospitali wakashauri kifaa cha mdomoni.

Basi mwanamume aliyeshika makoo ya watu kutwa nzima akakaa kwenye kiti cha daktari yule yule wa meno. Alipojazwa mdomoni udongo laini wa kuchukulia umbo la meno, aling'ang'ania koti la daktari kama mtoto siku ya sindano. Kifaa chenyewe kilikuwa vipande viwili vya plastiki, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vya kusogeza taya la chini mbele ili ulimi usianguke nyuma ukaziba njia.

Usiku wa kwanza hakukoroma. Mkewe, aliyezoea kwamba kimya ni kifo, alimwamsha mara nne kumuuliza kama yupo.

Wiki sita alinyoa kwa mashine tu. Wembe ulikaa ndani ya droo. Alipimwa tena: mara nne kwa saa. Hata hivyo droo hakuifungua, mpaka daktari alipokuja na ndevu zake, akaketi, akainua kidevu.

"Wewe ulinifungulia mdomo, fundi," alisema. "Sasa zamu yangu."

Ngurumo alifungua droo, akautoa wembe, akaanzia chini ya sikio. Mkewe, kwenye benchi, hakupepesa jicho. Ngurumo alipoinua wembe, kidevu kilikuwa safi na daktari amelala fofofo, anakoroma. Ghafla mkoromo ukakatika.

Mke akaanza: moja, mbili, tatu.